Kwa Nini Mashabiki wa The Expanse Hukodolea Macho Ngazi, Vikombe na Saa

Ndani ya Rocinante, chombo cha anga katika tamthilia ya televisheni The Expanse, kuna ngazi inayopita katikati, kutoka juu hadi chini. Rubani anakaa kileleni. Chini yake ni chumba cha operesheni, kisha vyumba vya kulala, jiko, karakana, na chini kabisa mtambo wa nishati na injini. Hakuna ukumbi mrefu wa kwenda mbele na nyuma kama ndani ya ndege. Chombo kimejengwa kama jengo la ghorofa, na moto wa injini unatokea kwenye msingi wake. Injini ikiwaka, sakafu inazisukuma nyayo za watu nao wanasimama kama walio duniani. Ikizimwa, uzito wote unatoweka papo hapo na kikombe kilichoachwa mezani kinaanza kuelea.

Mtu anaweza kuitazama The Expanse yote asiitie maanani ngazi hiyo. Shabiki haachi kuiona, maana ndiyo inayoeleza kwa nini tamthilia hii inapendwa kwa namna ya pekee. Sheria ikishatajwa, inamdai kila mtu: nahodha, kibarua, adui, mtoto. Wengi hawafi kwa sababu mwandishi alitaka machozi. Wanakufa kwa sababu hesabu imekataa.

Humu nataja matukio makubwa ya misimu yote, vifo vikiwemo. Ambaye hajaitazama na hataki kuharibiwa utamu, aanze na tamthilia kwanza, ukurasa huu utamngoja.

Kwa wanaohitaji kumbukumbu: ilianza Desemba 2015 na kumalizika Januari 2022, misimu 6 yenye sehemu 62. Imetokana na vitabu vya James S. A. Corey, jina la kalamu la watu wawili, Daniel Abraham na Ty Franck. Walioitengenezea televisheni ni Mark Fergus na Hawk Ostby, na aliyeshika usukani wa uzalishaji ni Naren Shankar, mtu mwenye shahada ya uzamivu ya fizikia tumizi na uhandisi wa umeme kutoka Chuo Kikuu cha Cornell. Elimu hiyo inaonekana.

Geuza, kisha washa

Angani hakuna hewa ya kukipunguza chombo mwendo, na hakuna breki. Ukiongeza kasi nusu ya safari, lazima uipunguze nusu iliyobaki kwa nguvu ileile. Kwa hiyo katikati ya kila safari ndefu injini inazimwa, chombo kinageuzwa mkia mbele, injini inawashwa tena. Mashabiki huupenda mgeuzo huu kiasi kwamba wengi hupima ukweli wa tamthilia nyingine za anga kwa kuutafuta.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Gawanya umbali wote kwa kiwango cha kuongeza kasi, chukua kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa 2. Tuchukue kilomita milioni 150, ambao ni umbali wa Dunia na Jua. Ukienda kwa g 1, yaani uzito uleule tulionao duniani, utafika baada ya saa 69 hivi, chini kidogo ya siku 3. Ukienda kwa g 0.3, kiwango kinachowafaa watu waliozaliwa kwenye Ukanda wa asteroidi, yaani miamba inayozunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, utatumia saa 125, zaidi kidogo ya siku 5. Tazama kipeuo kinavyofanya kazi: nguvu imepungua hadi chini ya thuluthi, lakini safari haikurefuka hata mara mbili. Ndiyo maana ni jambo la busara kabisa kwamba vyombo vya mizigo vinakwenda taratibu. Haraka inagharimu sana na inaokoa muda kidogo.

Sasa hatari yake. Katika safari ile ya g 1, kasi wakati wa mgeuzo inafika kilomita 1,200 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa kutoka Dunia hadi Mwezi unakatwa kwa dakika 5 na ushei. Injini ikikataa kuwaka baada ya mgeuzo, chombo kinapita mahali kilipokuwa kikienda na hakirudi kamwe. Kuuacha mfumo wote wa Jua ukianzia umbali wa Dunia kunahitaji kilomita 42 tu kwa sekunde, na chombo hicho kina karibu mara 30 ya hapo. Ukilijua hili, zile sekunde za kimya ambapo wahudumu wanaelea wakisubiri injini ingurume tena zinakuwa na uzito mwingine.

Mwili chini ya uzito

Injini inaweza kwenda kwa nguvu kuliko mwili unavyoweza kubeba. Hapo ndipo vinapoingia viti vinavyojigeuza kufuata upande wa msukumo na sindano za dawa ambazo wahusika huziita kwa neno la kawaida tu, juisi. Viti vinamlaza mtu chali ili uzito umjie kifuani kuelekea mgongoni. Huo si uzushi wa waandishi. Uzito ukishuka kutoka kichwani kwenda miguuni, damu inakimbia ubongo na mtu asiye na mafunzo wala suti maalumu hupoteza fahamu karibu na g 5. Akiwa amelala chali huvumilia zaidi, kwa sababu damu haina safari ndefu ya kwenda.

Dawa ni ya kubuni, ila madhara inayoyapigania ni ya kweli: mishipa kupasuka, kiharusi, moyo kuchoka. Na tamthilia haikuitumia dawa hiyo kama hirizi. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa 5, Alex Kamal, rubani ambaye tumemwona akipiga mbio za aina hiyo tangu mwanzo, anakufa kwa kiharusi baada ya mbio za kumwokoa Naomi Nagata, mhandisi wa Rocinante. Waliolalamika kwamba kifo kilikuja ghafla mno wana haki ya kuumia. Lakini hatari ilikuwa imetajwa mapema, na kila sindano iliyochomwa kabla ya hapo ilikuwa ikiitaja tena.

Sehemu ya 6 ya msimu wa 2 inatoa somo hilohilo kwa mtu mmoja peke yake. Solomon Epstein, mkazi wa Mirihi, anaijaribu injini aliyoiboresha kwenye chombo chake kidogo. Inafanya kazi kupita alivyotarajia, na uzito unambana kitini asiweze kuinua mkono kuizima. Mkono wenye kilo 4 unakuwa kama wa kilo 28 kwenye g 7, na swichi iko mbele yake, inaonekana, haifikiki. Aliyewafungulia wanadamu mfumo wote wa Jua aliuawa na mafanikio yake mwenyewe. Mashabiki wengi huihesabu miongoni mwa simulizi fupi bora za tamthilia nzima, na mimi nakubaliana nao. Hakuna adui wala usaliti humo. Ni uzito tu.

Habari zinachelewa

Nuru hutumia dakika 3 hadi 22 kati ya Dunia na Mirihi, kutegemea sayari hizo ziko upande gani wa Jua. Kati ya Dunia na Mshtarii ni dakika 33 hadi 54. The Expanse haina njia ya kuyapita haya, angalau si kwa mawasiliano ya watu. Kwa hiyo walio mbali hawazungumzi, wanatumiana ujumbe wa video kama barua.

Matokeo yake ya kisiasa ndiyo matamu. Chrisjen Avasarala, mwanasiasa mkubwa wa Dunia anayeigizwa na Shohreh Aghdashloo, anaamua kuhusu vita vilivyokwisha kuanza, au vilivyokwisha kumalizika, kabla picha haijamfikia. Ukitazama tena, weka saa akilini: kila mara kiongozi anapoagiza meli zilizo karibu na Mshtarii, jiulize amri itafika lini na jibu litarudi lini. Saa moja na nusu ya kwenda na kurudi inatosha kamanda wa huko kufanya kosa lisilorekebishika. Uigizaji wa Aghdashloo unapata nguvu nyingi hapa, maana mhusika wake anapigana na watu ambao hawezi hata kuwakatiza maneno.

Vita visivyo na hewa

Kabla ya mapigano, wahudumu wanavaa helmeti na kuiondoa hewa vyumbani. Sababu ni mbili. Tundu likitobolewa, chumba kisicho na hewa hakina cha kupoteza. Na moto hauwaki bila oksijeni.

Sehemu ya 4 ya msimu wa 1 inaonyesha kinachotokea kwa waliofungiwa chumbani bila maandalizi hayo. Risasi ya mzinga wa sumakuumeme inapita ukuta mmoja na kutokea wa pili, na kichwa cha Shed Garvey, tabibu wa kundi, kilikuwa katikati. Hakuna mlipuko. Kinachofuata ni mluzi wa hewa inayotoka kwenye matundu mawili, na watu wanaomboleza huku wakitafuta cha kuzibia. Kwa wengi wetu, hapo ndipo tulipojua tunatazama kitu cha aina gani. Ndiyo maana ushauri wa kawaida kwa wageni ni uleule: usiamue kabla ya sehemu ya 4. Tatu za kwanza zina majina mengi, pande tatu zinazochukiana (Dunia, Mirihi na Ukanda), na mambo kadhaa ambayo hayaelezwi hadi baadaye. Walioacha mapema wengi waliishia hapo.

Makombora nayo yana hesabu yake. Kombora halina mwili wa kuumia, hivyo linaweza kuongeza kasi kwa g 20. Likirushwa kutoka kilomita 1,000, linafika baada ya sekunde 100 hivi, likiwa na kasi ya karibu kilomita 20 kwa sekunde. Binadamu hawezi kulikimbia. Njia zilizobaki ni kulitungua kwa mizinga ya masafa mafupi, kulichanganya vyombo vyake vya kuonea, au kukata moto mapema kiasi cha kutoonekana. Zile sekunde 100 ndizo muda wa mazungumzo katika vita hivi, na waandishi wanazijua vizuri: sentensi fupi, namba, kimya, kisha mtikisiko.

Kuhusu ombwe lenyewe, tukio la kutajwa ni la Naomi katika sehemu ya 7 ya msimu wa 5, anaporuka kutoka chombo kimoja hadi kingine bila suti, akiwa amejidunga damu iliyosheheni oksijeni. Mtu aliye kwenye ombwe hagandi mara moja wala halipuki. Akibana pumzi, hewa inayotanuka itamchana mapafu. Fahamu zinadumu sekunde 10 hadi 15 hivi. Mwaka 1966, katika chumba cha majaribio cha NASA, suti ya Jim LeBlanc ilipoteza hewa. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi, na jambo la mwisho alilolikumbuka ni mate kuchemka juu ya ulimi. Alipona. Tukio la Naomi limesukuma mipaka, ila limesukuma kutoka mahali pa kweli, na baadaye tunamwona na ngozi iliyochomeka na macho mekundu. Gharama imelipwa mbele ya kamera.

Kinywaji kinachopinda

Picha maarufu kuliko zote ni ya mpelelezi Miller akimimina kinywaji kwenye Ceres, kituo kilicho ndani ya asteroidi kubwa. Kinywaji hakishuki wima, kinapinda kabla ya kuingia kwenye glasi. Ceres ya tamthilia imezungushwa ili ndani yake kuwe na uzito wa g 0.3, na kitu kinachoanguka ndani ya gurudumu linalozunguka huonekana kwenda upande, kwa sababu sakafu imesogea wakati kiko njiani.

Wazo ni sahihi, kipimo si sahihi, na inafaa kujua kwa nini. Ceres ya kweli ina nusukipenyo cha kilomita 470 hivi. Kupata g 0.3 kwenye ukingo wa ikweta yake, lazima izunguke mara moja kila dakika 42. Kinywaji kikianguka sentimita 20, mpindo wake utakuwa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Jicho haliwezi kuuona. Ukitaka mpindo wa milimita 8, unahitaji kituo chenye nusukipenyo cha mita 100 kinachozunguka kila sekunde 37. Kadiri gurudumu linavyokuwa dogo ndivyo linavyopaswa kuzunguka haraka, na ndivyo mambo yanavyopinda zaidi. Kwa hiyo picha ile ingekuwa ya haki kwenye kituo kidogo.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Mvutano wa Ceres yenyewe ni g 0.03 tu. Ukiizungusha hadi kupata g 0.3 kuelekea nje, nguvu ya kuipasua inaizidi ya kuishikilia mara kumi, na mwamba wenye barafu nyingi hauna uimara wa kubeba hilo. Ingetawanyika. Mashabiki wanalijua na hawaifichi aibu hiyo. Picha ile imebaki kipenzi kwa sababu inamfundisha mtazamaji, bila neno hata moja, kwamba "chini" ya watu hawa imetengenezwa na mtu, na aliyeitengeneza anaweza kuidai kodi.

Miili, mikono na lugha

Watu wa Ukanda wamekulia kwenye uzito mdogo. Mifupa ni mirefu na dhaifu, na katika sehemu ya kwanza kabisa Avasarala anamtesa mfungwa mmoja kwa kumning'iniza tu kwenye uzito wa Dunia. Hahitaji kumpiga. Kwenye vitabu wote ni warefu na wembamba. Kwenye televisheni huwezi kupata waigizaji wa umbo hilo kwa mamia, kwa hiyo tamthilia ikahamishia tofauti kwenye makovu ya shingo, nywele, mavazi, ishara na hasa lugha.

Lugha hiyo ilibuniwa na mwanaisimu Nick Farmer, nayo ina sarufi kamili. Baadhi ya kanuni zake hujifunzika kwa jioni moja. *Mi* ni mimi, *to* ni wewe. Ongeza *-lowda* upate wingi: *milowda* ni sisi, *tolowda* ni ninyi. Hivyo *beltalowda* ni sisi wa Ukanda, na *inyalowda* ni wale wa sayari za ndani. *Na* mbele ya kitenzi inakanusha. *Ke* mwishoni inageuza kauli kuwa swali. Mzungumzaji wa Kiswahili atasimama kidogo akisikia *sasa ke?*, ambayo haihusiani na wakati: *sasa* kwao ni kujua, na msemo unauliza "unaelewa?". Tusi kali ni *welwala*, msaliti, na asili yake ni shimo la mvutano la sayari: mtu anayewapenda waishio huko chini.

Ishara za mikono nazo zina sababu ya kazi. Ukiwa ndani ya suti ya anga, kutikisa kichwa au kuinua mabega hakuonekani. Kwa hiyo ndiyo, hapana na sijui vimehamia mikononi. Camina Drummer, kiongozi wa Ukanda anayeigizwa na Cara Gee, ndiye wa kumtazama kwa hili. Mhusika huyu ameunganishwa kutoka kwa watu kadhaa wa vitabuni, na akawa kipenzi cha watazamaji ambao hawajawahi kufungua kitabu. Msikilize anavyobadili lugha: na wakubwa wa sayari za ndani anapunguza lafudhi, na watu wake anaiachia yote.

Mahindi yanayokauka Ganymede

Sehemu hii naitaja haraka ingawa ingestahili makala yake. Ganymede, mwezi wa Mshtarii, ndiyo ghala la chakula la sayari za nje. Mwanga wa Jua huko ni dhaifu mara 27 kuliko wetu, kwa sababu umbali kutoka Jua ni mara 5.2 ya ule wa Dunia, na vioo vikubwa angani ndivyo vinavyokusanya mwanga kwa ajili ya mashamba. Vita vinaviangusha. Mtaalamu wa mimea Prax Meng anamweleza Amos, fundi wa Rocinante, kwamba kituo tayari kimekufa ingawa bado kina taa na watu. Mfumo wa asili una njia nyingi za kujiponya. Mfumo wa kubuni una sehemu chache, kila moja inaitegemea nyingine, hivyo kosa dogo linaangusha linalofuata, na hakuna awezaye kutabiri lipi. Maelezo ya dakika moja, na mtazamaji anaanza kuogopa majani ya manjano.

Kikomo cha mwendo

Ukiniuliza ni wapi tamthilia ilifikia kilele, nitasema nusu ya pili ya msimu wa 3, kuanzia sehemu ya 7. Kijana wa Ukanda anaelekeza chombo chake cha mbio kwenye lango lililojengwa na viumbe wasiojulikana. Chombo kinasimamishwa ghafla. Mwili wake hausimami.

Hiyo ni sheria ya kwanza ya Newton, na sehemu sita zinazofuata zimejengwa juu yake. Ndani ya lango kuna kikomo cha mwendo. Askari mmoja anarusha bomu la mkono, kikomo kinashushwa, na vyombo vyote vilivyokuwamo vinasimamishwa kwa mpigo. Kila aliyekuwa hajafungwa mkanda anagonga ukuta. Kisha linakuja jambo ambalo tamthilia nyingine zisingelifikiria: majeruhi hawaponi. Bila uzito, damu iliyovujia ndani ya mwili haitiririki kwenda mahali pa kutolewa. Inakaa palepale na kukusanyika. Mtu ambaye angepona duniani anakufa kitandani.

Kuna chombo kimoja tu chenye dawa yake. Behemoth, kinachokaribia urefu wa kilomita 2, kilijengwa kwa ajili ya dhehebu la Wamormoni kwa jina la Nauvoo kiwe cha safari ya vizazi vingi, hivyo kina pipa kubwa la kuzungushwa ili kutoa uzito. Watu wa Ukanda walikinyakua na kukigeuza cha vita. Sasa maadui wote watatu wanalazimika kuwaleta majeruhi wao ndani ya chombo cha wale waliowadharau, kwa sababu pale ndipo penye "chini". Usanifu uliotajwa misimu miwili nyuma unageuka kuwa amani, kisha ugomvi wa nani ashike chombo. Hakuna hotuba iliyohitajika kuwapatanisha, pipa lilitosha.

Panapovuja

Kosa kubwa zaidi halionekani kwa macho: joto. Chukua chombo cha tani 500 kinachosukumwa kwa g 1 na injini ya muunganiko wa nyuklia inayotoa moshi wake kwa kilomita 26,000 kwa sekunde. Nguvu inayohitajika ni terawati 64 hivi, zaidi ya mara tatu ya nishati yote wanayotumia wanadamu kwa sasa. Asilimia 1 tu ikibaki ndani ya chombo kama joto, chuma kinayeyuka na kugeuka mvuke. Chombo cha kweli kingehitaji mabawa makubwa ya kupozea. Rocinante haina. Huu ndio mkopo mmoja mkubwa ambao tamthilia imeuomba, na kwa kuwa imeuomba mara moja na kuutumia kwa usawa, wengi tumeukubali.

Mwingine ni ule mwendo wa Alex kati ya miezi ya Mshtarii karibu na mwisho wa msimu wa 2, injini ikiwa imezimwa, akitumia mvutano wa mwezi mmoja kumrushia mwingine. Njia hiyo ipo kweli. Ila Io huzunguka Mshtarii kwa siku 1.8, Europa 3.6, Ganymede 7.2 na Callisto 16.7, hivyo mchezo kama ule ungechukua siku nyingi, labda wiki. Na sauti za injini angani, bila shaka, ni za masikio yetu tu.

Viatu vya sumaku ni suala tofauti. Si kosa, ni ujanja wa uzalishaji. Kuwaning'iniza waigizaji kwa nyaya kila siku katika studio za Toronto kungekuwa kazi ngumu na ghali. Viatu vinawaruhusu kutembea huku vitu vilivyolegea vikielea. Tazama miguu: mtu akitembea kwa kukanyaga kwa nguvu, injini imezimwa.

Waliokataa ifungwe

Mei 2018, kituo cha Syfy kilitangaza kuiacha baada ya msimu wa 3. Mashabiki walikusanya saini zaidi ya 100,000 na kukodi ndege iliyovuta bango kuzunguka ofisi za Amazon Studios. Kabla mwezi haujaisha, Jeff Bezos alitangaza kwamba imeokolewa, na misimu mitatu zaidi ikafuata. Tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi, iliipata mara mbili, 2017 na 2022, kila mara kwa sehemu ya mwisho ya msimu.

Ukianza kuitazama upya, washa maandishi ya chini kwa misimu miwili ya kwanza, maana mazungumzo ya Ukanda yanapita haraka. Msimu wa 6 una sehemu 6 tu, na pamoja nazo ziko simulizi tano fupi ziitwazo One Ship. Zitazame sambamba, moja baada ya sehemu yake, si zote mwishoni. Na kila chombo kinapoonyeshwa kutoka nje, kabla hujasoma jina lake, tafuta moto uko upande gani. Moto ukiwa nyuma, ndiyo kwanza kinaondoka. Ukiwa umetangulia mbele, kuelekea kituo au sayari kinakokwenda, kuna watu kwenye ile ngazi wamesimama nyayo zao zikiwa zimeelekea wanakokwenda, na wamekaribia kufika.